Mhusika Mmoja, Sura Nyingi: Uthabiti wa Umbo la Mhusika katika Picha za Akili Unde

Utangulizi

Usawiri wa wahusika ni miongoni mwa mada ambazo mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hukutana nazo mapema katika masomo yake. Tunafunzwa kuwa mhusika husawiriwa kupitia matendo yake, usemi wake, jina lake, maelezo ya msimulizi na uhusiano wake na wahusika wengine. Ni nadra, hata hivyo, tujiulize ni nini hasa kinachotufanya tumtambue mhusika wa ukurasa wa kwanza kuwa ndiye yule yule wa ukurasa wa mia moja. Katika maandishi jibu ni jepesi. Jina lake likitajwa tu, kumbukumbu ya msomaji hufanya kazi iliyosalia. Katika picha jina halionekani. Mhusika wa picha hutambulika kwa sura, kimo, mavazi na namna anavyosimama. Vitu hivyo vikibadilika kiholela, mhusika naye hupotea.

Suala hili limepata uzito mpya tangu mwaka 2022, wakati programu za akili unde zinazounda picha kutokana na maneno, kama vile DALL-E 2, Midjourney na Stable Diffusion, zilipoufikia umma. (Wapo wanaotumia istilahi akili mnemba au akili bandia, makala haya yanatumia akili unde.) Mwandishi wa hadithi za watoto asiyeweza kumlipa mchoraji sasa huandika sentensi moja kwenye tarakilishi na kupata picha ya kuvutia kwa muda mfupi. Tatizo huanza anapohitaji picha ya pili ya mhusika yule yule. Makala haya yanaeleza chanzo cha tatizo hilo, yanajadili mbinu zinazotumiwa kulitatua, na yanajaribu kuonyesha kwamba kabla ya kuwa suala la kiteknolojia, hili ni suala la lugha na la usawiri.

Fumo Liyongo katika picha nne

Masimulizi ya Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa pwani ya kaskazini ya Kenya, si mageni kwa wasomaji wa jarida hili. Muhamadi Kijuma wa Lamu aliyaandika kwa mtindo wa utendi mwaka 1913. Tuchukulie kwamba mwandishi anataka kuwasimulia watoto kisa hiki kwa picha nne. Katika ya kwanza, Liyongo yumo katika ngoma ya gungu. Katika ya pili yumo kifungoni, mkononi ameshika mkate wa wishwa alioletewa na kijakazi Saada kutoka kwa mamaye, na ndani ya mkate mna tupa ya kukatia minyororo. Katika ya tatu amelala, na mwanawe amesimama kando yake akiwa na sindano ya shaba. Katika ya nne amepiga goti karibu na kisima, upinde ameuvuta, naye amekwisha kukata roho.

Picha ya nne ndiyo inayobeba uzito wa kisa. Watu wa mji wanakosa maji kwa kuwa hawathubutu kukisogelea kisima. Wanamwona kwa mbali, wanamtambua, na wanadhani yu hai. Hofu yao inatokana na utambuzi. Ikiwa mtoto anayesoma atamwona katika picha hiyo mtu mwingine, mwenye mabega membamba na ndevu ambazo hazikuwapo awali, hofu ya watu wa mji haitamwingia. Kosa linaloonekana kuwa la mchoro litakuwa limeuvunja msuko wenyewe.

Fanani wa fasihi simulizi hakuwahi kukabiliwa na tatizo hili. Sungura wa ngano hutambulika kwa ujanja wake, na kila msikilizaji humchora Sungura wake akilini. Mchoraji wa kibinadamu alikabiliwa nalo, lakini mkono wake ulikuwa na kumbukumbu. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika gazeti la Taifa Leo kwa miongo kadhaa, na msomaji hakuhitaji kuelezwa kila mara kwamba huyu ndiye Juha. Akili unde haina mkono wa namna hiyo.

Kwa nini programu husahau

Programu nyingi za aina hii zimejengwa juu ya utaratibu mmoja wa kimsingi. Programu hufunzwa kwa kuonyeshwa picha nyingi mno zilizoambatanishwa na maelezo ya maneno. Picha hizo huharibiwa hatua kwa hatua kwa kunyunyiziwa vitone visivyo na mpangilio, nayo programu hujifunza kuviondoa. Inapoombwa picha mpya, huanza na ukungu wa vitone vitupu, kisha huusafisha kidogo kidogo huku ikiongozwa na maneno ya mwombaji, hadi umbo litokeze.

Mambo mawili yanafuata kutokana na utaratibu huu. Kwanza, kila ombi huanza upya. Picha ya kwanza ya Liyongo haihifadhiwi popote ndani ya programu ili iikumbuke inapounda ya pili. Ukungu wa mwanzo huteuliwa kwa nambari iitwayo mbegu, na ni kweli kwamba mbegu ile ile pamoja na maneno yale yale, katika programu ile ile yenye mipangilio ile ile, huweza kurudisha picha ile ile. Lakini mwandishi hahitaji picha ile ile. Anahitaji mtu yule yule katika tukio jingine. Akibadilisha neno gungu kwa neno kisima, njia nzima ya kuusafisha ukungu hubadilika, na uso hubadilika pamoja nayo.

Pili, na hili ndilo linalotuhusu zaidi sisi wanafunzi wa lugha, maneno ya mwombaji hayamtaji mtu. Yanataja aina ya watu. Fungu la maneno "mwanamume mrefu mwenye mabega mapana" linawafaa wanaume wengi mno. Programu humteua mmojawapo kila inapoombwa, na haijakosea, kwa kuwa kila mmoja wao anaafiki maelezo. Kwa istilahi za sarufi, mwandishi ametoa nomino ya kawaida ilhali alihitaji nomino ya pekee. Mbinu zote zilizobuniwa kufikia sasa zinaweza kuelezwa kuwa ni jitihada za kuipa programu nomino ya pekee.

Mbinu za kumpa mhusika upekee

Mbinu ya kwanza ni kadi ya mhusika. Mwandishi huandika maelezo mafupi ya umbo la mhusika na kuyarudia neno kwa neno katika kila ombi. Hapa mwanafunzi wa fasihi hana budi kuacha mazoea yake. Katika insha tunasifiwa kwa kutumia visawe; katika kadi ya mhusika visawe ni hatari. Aliyeandika "ndevu fupi" leo na "ndevu chache" kesho ameomba watu wawili. Mbinu hii hupunguza utofauti, ila haiuondoi, kwa kuwa maelezo marefu kiasi gani bado ni maelezo ya aina.

Mbinu ya pili ni picha ya rejea. Watengenezaji wa filamu za vibonzo wamekuwa wakitumia kwa miaka mingi karatasi ya kielelezo, ambayo humwonyesha mhusika kwa mbele, kwa ubavu na kwa nyuma, ili wachoraji wengi wamchore mtu mmoja. Akili unde imeiga desturi hiyo. Mwaka 2023 watafiti wa kampuni ya Tencent walitoa mbinu iitwayo IP-Adapter, inayoiwezesha programu kuongozwa na picha pamoja na maneno. Mnamo Machi 2024 Midjourney iliongeza uwezo wa kupokea picha ya mhusika kama rejea, na mwaka 2025 programu za mazungumzo za kampuni za OpenAI na Google zilipata uwezo mkubwa zaidi wa kuhariri picha iliyopo kwa maagizo ya kawaida. Kuhariri kuna faida yake: badala ya kumwomba Liyongo mpya kisimani, mwandishi huchukua picha aliyoikubali na kuagiza mandhari yabadilishwe na uso uachwe.

Tahadhari moja inahitajika. Wapo wanaotumia picha ya kwanza kuwa rejea ya pili, ya pili kuwa rejea ya tatu, na kuendelea. Kila hatua huongeza kosa dogo, na makosa hayo hulimbikizana hadi mhusika wa mwisho asifanane na wa kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila picha mpya irejelee kielelezo cha asili, wala si nakala ya nakala.

Mbinu ya tatu ni kuifunza programu upya. Mnamo Agosti 2022 watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Boston walichapisha mbinu ya DreamBooth. Programu hupewa picha chache za kitu kimoja, takriban tatu hadi tano, pamoja na neno adimu lisilo na maana iliyozoeleka, kisha hufunzwa kulihusisha neno hilo na kitu hicho pekee. Mbinu nyingine iitwayo LoRA, iliyobuniwa mwaka 2021 kwa ajili ya programu za lugha, ilikuja kutumiwa katika picha kwa kuwa hurekebisha sehemu ndogo tu ya programu na hivyo hupunguza gharama. Msomaji ataona kuwa neno hilo adimu ni nomino ya pekee kwa maana kamili: halielezi sifa yoyote, linataja tu. Ni kinyume cha majina ya majazi, ambayo hubeba sifa za mhusika ndani yake.

Sifa za kudumu na sifa za mpito

Mbinu hizo zote hushindwa ikiwa mwandishi hajaamua ni nini ndani ya mhusika wake kisichobadilika. Tukimfunza Liyongo kwa picha tano zinazomwonyesha akiwa amevaa kanzu nyeupe, programu huenda ikaichukua kanzu kuwa sehemu ya mwili wake na kumvika hata kifungoni. Dawa yake ni kuteua picha zinazotofautiana katika mavazi, mwanga na mandhari, ili kinachobaki sawa katika zote kiwe mtu mwenyewe.

Inafaa, basi, kadi ya mhusika igawanywe mara mbili. Upande mmoja ziwe sifa za kudumu: umbo la uso, rangi ya ngozi, upana wa mabega, kovu ikiwa lipo. Upande wa pili ziwe sifa za mpito: mavazi, uchovu, umri, hisia. Urefu wa Liyongo, ambao utendi unausifu, unahitaji uangalifu wa pekee. Picha ya rejea ya uso haibebi kimo. Kimo huonekana kwa kulinganishwa, kwa hivyo kila ombi halina budi kutaja watu au vitu vilivyo kando yake na jinsi anavyovizidi.

Mgawanyo huu unakaribiana na ule tuufahamuo wa wahusika bapa na wahusika duara. Uthabiti si kutobadilika. Mhusika duara hukua, na uso wake unapaswa kuonyesha kukua huko. Linalotakiwa ni badiliko liwe na sababu katika kisa, lisiwe ajali ya programu.

Pengo la maelezo na sura za kuazima

Kuna jambo zito zaidi. Mahali ambapo mwandishi hakusema kitu, programu hujaza, na hujaza kwa kile ilichokiona mara nyingi. Hazina ya data iitwayo LAION-5B, iliyotolewa mwaka 2022 na ambayo sehemu zake zilitumiwa kuifunza Stable Diffusion, ina takriban jozi bilioni 5.85 za picha na maelezo. Kati ya hizo, takriban bilioni 2.3 zina maelezo ya Kiingereza. Lugha nyingine zaidi ya mia moja kwa jumla zina takriban bilioni 2.2. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2023 zilionyesha kuwa programu hizi huendeleza na hata kukuza dhana potovu kuhusu jamii mbalimbali. Mwandishi anayeomba "shujaa wa Kiafrika" bila kufafanua asishangae kumpata mtu wa ngozi za wanyama na mkuki, asiye na uhusiano wowote na mwungwana wa pwani. Asiyejua kueleza kikoi, kilemba na upinde wa Liyongo ataelezewa na wengine.

Wengine hujaza pengo hilo kwa sura ya mtu mashuhuri. Kitabu cha picha Zarya of the Dawn cha Kris Kashtanova, kilichoundwa kwa Midjourney mwaka 2022, kilikuwa na mhusika ambaye watazamaji wengi walimwona kuwa anafanana na mwigizaji Zendaya. Uso maarufu huleta uthabiti kwa sababu programu imeuona mara nyingi. Ni nomino ya pekee iliyo tayari. Lakini ni mali ya mtu mwingine, na hapa Kenya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatukumbusha kuwa taarifa zinazomtambulisha mtu hazitumiwi ovyo. Mnamo Februari 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani iliamua kuwa maandishi ya kitabu hicho na mpangilio wake vinalindwa, ila picha zenyewe hazilindwi, kwa kuwa hazikuundwa na binadamu.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kuwa akili unde hushindwa kudumisha umbo la mhusika kwa sababu kila ombi huanza upya na kwa sababu maneno ya kawaida hutaja aina, hayamtaji mtu. Kadi ya mhusika, picha ya rejea na mafunzo mapya ya programu ni njia tatu za kuziba pengo hilo, na zote zinamtegemea mtu anayejua kutenga sifa za kudumu na zile za mpito. Kazi hiyo ndiyo usawiri, nayo ni yetu. Inapendekezwa kuwa katika masomo ya uandishi wa kubuni, wanafunzi wapewe zoezi la kuandika kadi za wahusika wa fasihi yetu, za Liyongo zikiwa za kwanza, kwa Kiswahili kinachotaja kila vazi na kila umbo kwa jina lake. Kadi hizo zitamfaa mwenye programu, na zitamfaa vilevile mchoraji mwenye kalamu. Mtoto atakayefungua kitabu na kufika kisimani ana haki ya kumkuta pale mtu yule yule aliyemwona akicheza gungu.