Je, Wajua? Gesi ya Songosongo, dhahabu ya Sofala na ramu ya kompyuta yako

Je, wajua kwamba mwaka 1974 gesi asilia iligunduliwa Songosongo, kisiwa cha Wilaya ya Kilwa, na mwaka huohuo Serikali ya Tanzania ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini? Gesi ilisubiri miaka 30. Mwaka 2004 ndipo ilipoanza kusafirishwa kwa bomba, kilomita 25 chini ya bahari hadi Somanga Fungu, kisha kilomita 207 nchi kavu hadi Dar es Salaam, kwenda kuzalisha umeme. Kompyuta nazo zilirudi. Leo ukiingia steshenari ya Kilwa Masoko, Kivinje au Lindi mjini, utakuta mashine ya mezani, mara nyingi ya mtumba, ndiyo inayochapa barua za kijiji, kujaza maombi ya mkopo wa chuo na kutoa picha za pasipoti. Mashine hizo zikianza kujivuta, mwenye duka huambiwa anunue mpya. Nyingi hazihitaji hivyo. Zinahitaji ramu, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, na mnunuzi anayejua anachokitafuta.

Je, wajua kwamba kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965? Iliitwa ICT 1500. Waingereza ndio waliokuwa wakiiuza kwa jina hilo, ingawa ilikuwa RCA 301 ya Marekani. Kumbukumbu yake ilikuwa vipete vidogo vya sumaku vilivyotungwa kwenye nyaya nyembamba, na aina ile haikupita herufi 40,000. Picha moja ya harusi unayotumiwa kwa simu ingeijaza na kumwagika.

Ramu za leo chanzo chake ni Robert Dennard, mhandisi wa IBM aliyepewa hataza ya ugunduzi wake Juni 1968 na kufariki mwaka 2024. Wazo lake lilikuwa jepesi ajabu: kila biti moja ihifadhiwe na transista moja na kapasita moja tu. Kasoro yake ni kwamba kapasita hiyo ni ndoo yenye tundu. Umeme ukitiwa, unaanza kuvuja papo hapo. Kwa hiyo mashine huzijaza upya ndoo zote ndani ya milisekunde 64, zaidi ya mara 15 kila sekunde, mchana kutwa. Ramu ya gigabaiti 4 ina ndoo 34,359,738,368. Ndiyo maana umeme ukikatika Lindi huku barua haijahifadhiwa, barua imekwenda.

Na joto huongeza uvujaji. Chipu ikipita nyuzi 85 za Selsiasi, kazi ya kujaza hufanywa mara mbili zaidi. Kwa hiyo kabla hujailaumu ramu, fungua boksi la mashine, lile ambalo wengi tunaliita CPU, upulize vumbi lililoganda kwenye feni.

Je, wajua kwamba meno ya ramu yamepakwa dhahabu? Hapa Kilwa ina haki ya kusikiliza kwa makini. Dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, ilipitia mikononi mwa masultani wa Kilwa Kisiwani, na msafiri Ibn Battuta aliufikia mji huo mwaka 1331, enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Mwaka 1502 Mreno Vasco da Gama akaja na mizinga na kumlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilifuliwa chombo cha kanisani kiitwacho Custódia de Belém, kilichokamilika mwaka 1506, na hadi leo kiko kwenye jumba la makumbusho Lisbon. Kimekaa zaidi ya miaka 500 bila kutu. Sifa hiyohiyo ndiyo iliyowafanya watengenezaji wa ramu wachague dhahabu, ingawa wanaipaka kwa unene mdogo mno, juu ya nikeli na shaba.

Hewa ya pwani yetu ina chumvi na unyevu. Dhahabu yenyewe haipati kutu, lakini utando wa uchafu hujengeka juu ya meno, na shaba ya chini hushambuliwa pale dhahabu ilipokwanguka. Dalili yake inajulikana na kila fundi: mashine inawaka, feni inazunguka, skrini nyeusi, na pengine milio mifupi ya kulalamika. Chomoa ramu, futa meno yake kwa ufutio mweupe laini, ukielekea nje, mbali na chipu, kisha pangusa kwa spiriti na uache ikauke. Usisugue kwa nguvu, na msasa usiuguse kabisa, maana unakwangua dhahabu ileile inayokulinda. Mashine nyingi "zilizokufa" zimefufuka kwa ufutio wa mwanafunzi wa darasa la tatu.

Je, wajua kwamba DDR2 na DDR3, vizazi viwili vya ramu, zote zina meno 240, lakini haziingiliani? Pengo la katikati limewekwa mahali tofauti makusudi, kwa sababu DDR2 hutumia volti 1.8 na DDR3 volti 1.5. DDR ya kwanza ina meno 184, DDR4 ina 288 na volti 1.2. Ikigoma kuingia, usiisukume. Dell OptiPlex 755 inataka DDR2, OptiPlex 790 inataka DDR3, na kwa jicho la mteja mashine hizo mbili ni ndugu. Soma namba ya modeli kwenye boksi kabla ya kupiga simu Kariakoo, Dar es Salaam.

Simu hiyo ina uzito wake. Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni zaidi ya kilomita 300, na kifurushi huja kwa basi. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipiga pwani hii, mvua zikakata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ndani ya Wilaya ya Kilwa. Kosa la kuagiza ramu isiyofaa lina gharama nyingine kabisa huku kuliko Kariakoo kwenye mtaa wa Uhuru, ambako mtu anavuka barabara tu kwenda kubadilisha.

Kwa hiyo nenda na haya. Kwenye kibandiko cha ramu, PC3-10600 maana yake ni DDR3 ya kasi ya 1333, na PC3-12800 ni ya 1600. Ukichanganya mbili, zote zitakwenda kwa mwendo wa ile ya polepole, hakuna kitakachoungua. Herufi ya mwisho ndiyo yenye hatari. U ni ya kompyuta ya kawaida ya mezani. R ni ya seva: ina meno yaleyale, pengo lilelile, inaingia vizuri kabisa, bei yake huwa ya kuvutia, na mashine yako haitawaka nayo.

Sasa jambo ambalo hata baadhi ya wauzaji hawalijui. Mazabodi (bodi kuu za kompyuta) za zamani za Intel za enzi ya Core 2, kama zenye chipseti ya G41, husoma ramu ya DDR3 ya gigabaiti 4 ikiwa tu ina chipu 16, yaani 8 kila upande. Zile mpya zenye chipu 8 tu, ambazo kila moja imebeba mara mbili, hazizielewi. Zihesabu chipu nyeusi kwa kidole kabla ya kutoa pesa. Vilevile kuna ramu za DDR2 za gigabaiti 4 zinazouzwa bei ya chini kwa sababu zinafanya kazi kwenye mazabodi za AMD pekee. Mtu wa OptiPlex 755 azikwepe.

Je, wajua kwamba unaweza kununua gigabaiti 8 na kompyuta ikatumia 3 na kitu? Windows ya biti 32 ina anwani 4,294,967,296 tu, na sehemu yake huliwa na vifaa vingine. Windows 7 Starter ndiyo mbaya zaidi, mwisho wake gigabaiti 2. Angalia kwanza kama mfumo wako ni wa biti 64.

Ramu ikijaa, Windows huanza kuhamishia kazi kwenye diski, na diski inayozunguka humchelewesha mtumiaji mara maelfu mengi kuliko ramu. Taa ya diski ikiwa inawaka bila kupumzika huku umefungua barua moja na kurasa chache za intaneti, ramu haitoshi. Kutoka gigabaiti 2 hadi 4, au 4 hadi 8, utaona tofauti siku hiyohiyo. Ukiwa tayari na 8 kwa kazi za steshenari, pesa hiyo inunue diski ya SSD. Huo ndio ushauri wangu, na siubadilishi.

Bei? Mwishoni mwa 2025 ramu mpya zilipanda sana duniani, kwa sababu viwanda vinazielekeza kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kuachana na biashara ya ramu za Crucial kwa wateja wa kawaida. Na kwa kuwa Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mashine nyingi za ofisini zinauzwa zikiwa na ramu nzuri ndani. Kununua moja mbovu kwa ajili ya viungo vyake ni hesabu inayoweza kulipa. Na badala ya Windows 10, Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, inaridhika na gigabaiti 4.

Siku ya kufunga: chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache kumaliza umeme uliobaki, gusa chuma cha boksi. Unyevu wa pwani hupunguza umeme tuli, hauumalizi. Sukuma ramu mpaka klipu za pembeni zijifunge zenyewe.

Kisha endesha Memtest86+, programu ya bure inayowashwa kutoka kwenye flashi, uiache imalize mzunguko mzima. Kosa hata moja linatosha: irudishe ramu kwa muuzaji na risiti yake, siku za garanti zingali zipo.