Ng'ombe wa Nyama Huhesabiwa Kiangazi

Idadi ya ng'ombe wa nyama ambao mfugaji anayeanza anaweza kuwamudu huamuliwa na miezi ya Septemba na Oktoba, wala si na fedha alizonazo siku anapokwenda mnadani. Katika nyanda za kati za Tanzania, hasa wilaya za Kongwa na Mpwapwa mkoani Dodoma, mvua hunyesha msimu mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na muda wote unaobaki ni kiangazi ambacho nyasi hukauka zikiwa zimesimama na maji hufuatwa mbali. Eneo ambalo mwezi wa Machi linaonekana kutosha ng'ombe 15 bila taabu huenda likashindwa kuwalisha watano ifikapo Oktoba, na mfugaji aliyenunua kwa kutazama majani ya Machi hulazimika kuuza wakati ambao kila mtu anauza, ng'ombe wamekonda na bei imeshuka.

Hesabu yenyewe si ngumu. Wataalamu wa lishe ya mifugo hupima chakula cha ng'ombe kwa uzito wa maada kavu, yaani kile kinachobaki katika malisho baada ya kuondolewa maji yote, na ng'ombe hula kwa siku maada kavu yenye uzito wa kati ya asilimia 2.5 na 3 ya uzito wa mwili wake. Zebu wa kilo 250, ambaye ni ng'ombe wa kawaida kabisa katika minada ya Dodoma, huhitaji basi hei ya takriban kilo 7 kwa siku, na ng'ombe watano wa uzito huo wakilishwa hei tupu kwa siku 200 za kiangazi watamaliza kilo 7,000, sawa na marobota zaidi ya 450 ya kilo 15 kila moja. Hata kama nusu ya chakula hicho itapatikana machungani, bado zinabaki kilo 3,500 zinazopaswa kuwa ghalani kabla ng'ombe wa kwanza hajaingia zizini. Maji nayo ni lita 30 hadi 50 kwa kila ng'ombe kwa siku, kutegemea ukali wa jua na ukavu wa chakula.

Hata hivyo wingi wa nyasi si jambo pekee, na hapa ndipo wanaoanza wengi wanapokosea. Ng'ombe ni mnyama anayecheua, na tumbo lake la kwanza, linaloitwa rumeni, ni makao ya bakteria na vijidudu vingine ambavyo ndivyo hasa vinavyovunja nyuzi ngumu za nyasi na kuzigeuza kuwa nishati. Vijidudu hivyo huhitaji naitrojeni, ambayo huipata katika protini ya malisho, na protini hiyo ikipungua chini ya asilimia 7 hivi ya maada kavu, kazi yao huzorota, nyasi hukaa tumboni muda mrefu bila kusagika, na ng'ombe hupunguza kula kwa sababu tumbo limejaa. Nyasi za porini zilizokauka zikiwa zimesimama huwa chini ya kiwango hicho karibu kiangazi chote. Ng'ombe anayekonda huku tumbo limemvimba kwa nyasi hana ugonjwa wa ajabu. Ana njaa ya protini, na kumwongezea nyasi zilezile hakumsaidii.

Dawa ya njaa hiyo inapatikana mlangoni pa mfugaji wa nyanda za kati, kwa kuwa Dodoma na Singida ni mikoa ya alizeti, na mashudu yanayobaki baada ya mbegu kukamuliwa mafuta huwa na protini ya zaidi ya asilimia 20; katika mikoa ya Shinyanga, Simiyu na Mwanza kazi hiyohiyo hufanywa na mashudu ya pamba. Kilo moja tu ya mashudu kwa siku huviamsha vijidudu vya rumeni, na ng'ombe hula nyasi kavu nyingi zaidi na kuzisaga vizuri zaidi, kiasi kwamba faida ya mashudu huzidi ile iliyomo ndani ya mashudu yenyewe. Mfugaji mwenye busara huyanunua mara tu baada ya mavuno, viwanda vinapokamua kwa wingi, wala hangoji Oktoba. Asiye na fedha za mashudu anaweza kupanda lukina kandokando ya shamba, mti wa jamii ya kunde ambao majani yake yana protini nyingi, ilimradi majani hayo yasiwe sehemu kubwa ya mlo. Mawe ya kulamba yenye chumvi na fosforasi hayana budi kuwapo, na dalili ya kukosekana kwake ni ng'ombe kutafuna mifupa, tabia ambayo huweza kuwaua kwa sumu ya bakteria walio katika mizoga.

Kuhusu nyasi zenyewe, Kongwa ni mahali pa kujifunzia. Ardhi hiyo, ambako serikali ya Uingereza ilijaribu kulima karanga kwa matrekta kuanzia mwaka 1947 na kushindwa kwa sababu ya ukame na udongo mgumu, iliishia kuwa ranchi ya ng'ombe, na kituo cha utafiti wa malisho kilichopo huko huzalisha hei na mbegu za nyasi aina ya Cenchrus ciliaris zinazostahimili mvua haba. Jambo la kuzingatia ni wakati wa kukata: nyasi hukatwa zinapoanza kutoa maua, zingali na protini, na si baada ya mbegu kukomaa, ingawa kwa macho ya mkulima zile zilizokomaa ndizo zinazoonekana nyingi. Wasukuma wana njia yao ya zamani, ngitili, ambayo ni kulitenga eneo la malisho wakati wa mvua na kulifungua kiangazi kimepamba moto. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliifufua njia hiyo, nayo haimgharimu mfugaji chochote zaidi ya nidhamu.

Baada ya chakula ndipo linapokuja swali la aina ya ufugaji. Kufuga majike ili yazae kunahitaji subira kubwa, kwa kuwa mimba huchukua miezi tisa na siku kadhaa, na ndama wa Zebu anayelelewa kwa nyasi tu huchukua miaka kadhaa kufikia uzito wa kuuzwa. Anayeanza anafaa zaidi kununua madume machanga yaliyokonda na kuyanenepesha kwa siku 90 hivi. Njia hiyo hutegemea kile wataalamu wanachokiita ukuaji wa kufidia: mnyama aliyedumaa kwa njaa, si kwa ugonjwa, akipata chakula bora huongezeka uzito kwa kasi kuliko mwenzake wa umri uleule ambaye hakukosa chakula. Hesabu ya tarehe hufanywa kwa kurudi nyuma, hivi kwamba anayetaka kuuza kabla ya Krismasi awe na ng'ombe zizini mapema Septemba, na anayelenga Idd el-Hajj akumbuke kwamba sikukuu hiyo huja mapema zaidi kwa siku 11 hivi kila mwaka.

Mnadani, umri husomwa mdomoni. Ng'ombe hana meno ya mbele katika taya la juu, na yale manane ya taya la chini hubadilika mawili mawili: jozi ya kwanza ya meno makubwa huota akiwa na miaka miwili hivi, na akiwa na yote manane ameshapita miaka minne na kukua kwake kumekwisha. Anayefaa kunenepeshwa ni mwenye jozi moja au mbili, mifupa mirefu, macho maangavu na pua yenye unyevu. Uzito, ambao dalali huutaja kwa ukarimu, hukadiriwa kwa futi ya kamba: mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele huzidishwa kwa mzunguko huohuo, kisha kwa urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako, na jibu hugawanywa kwa 10,840. Dume mwenye kifua cha sentimita 150 na urefu wa sentimita 120 ana takriban kilo 249, na nusu yake hivi ndiyo itakayoning'inia buchani.

Katika magonjwa, ndigana kali ndiyo ya kuogopwa kwanza. Huletwa na kupe wa rangi ya kahawia anayependa kukaa sikioni, na dalili zake ni homa, kuvimba kwa matezi chini ya sikio na mbele ya bega, kisha kuhema kwa shida. Ng'ombe aliyekulia mahali penye kupe hao huwa na kinga kiasi, lakini aliyetolewa mahali pasipo na ugonjwa huweza kufa katika wiki chache, na kwa hiyo asili ya ng'ombe ni jambo la kuulizwa kabla ya bei. Chanjo yake ni vimelea hai vinavyochomwa pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini, na kwa kuwa ikishayeyushwa hutumika siku hiyohiyo, majirani huchanjisha pamoja. Kuogesha kila wiki, dawa ya minyoo, chanjo za kimeta, chambavu na homa ya mapafu, pamoja na kumtenga ng'ombe mgeni kwa wiki tatu au nne, ni mambo ambayo afisa mifugo wa kata atayapanga.

Pumba za mahindi, mashudu na molasi huingizwa katika mlo kidogo kidogo kwa wiki mbili, kwani nafaka nyingi za ghafla hujaza asidi rumeni na kuua. Urea haimfai anayeanza, kwa sababu kosa dogo la kipimo ni sumu. Zebu akilishwa vizuri huongeza gramu 500 hadi 800 kwa siku, yaani kilo 45 hadi 72 kwa siku 90, na baada ya hapo kasi hupungua ilhali ulaji haupungui. Futi ya kamba ikionyesha wiki mbili mfululizo kwamba gharama ya chakula imezidi thamani ya kilo zilizoongezeka, ng'ombe huyo apelekwe mnadani bila kungoja bei ipande.