Ushuru wa Kivukoni na Watumishi wa Halmashauri: Somo Kutoka Kilambo



Huenda wako miongoni mwenu watakaouliza: Kilambo ni wapi, na wakulima wa karafuu wana khabari gani nako? Suala hilo ni la haki, nasi twapenda kulijibu kwanza.

Kilambo ni kijiji kilichoko ukingoni mwa Mto Ruvuma, kusini ya mji wa Mtwara, si mbali na mahali mto ule unapoingia baharini. Ng'ambo ya pili ni Namoto, katika nchi ya Msumbiji. Karafuu si zao la huko. Wenyeji hutegemea korosho, minazi, mpunga na samaki. Lakini kutoka sehemu zile walikuja visiwani kwetu wazee wengi wa Kimakonde, wakapalilia mashamba na kuchuma karafuu, na wajukuu wao tunao hata leo. Kwa hiyo Kilambo si ugenini kabisa. Na juu ya hayo, jambo tunalotaka kulieleza ni moja huku na huko: ni nani aliyeweka ushuru, ni nani anayeukusanya, na mtu mdogo ana sauti gani katika shauri hilo.

Biashara ya Kilambo huenda kwa maji. Maji yakijaa, pantoni huweza kupita. Yakitoka, mafungu ya mchanga huchomoza, na abiria hungoja au hupanda mitumbwi na mashua. Abiria wakiwa wengi, muuza chai, muuza samaki wa kukaanga na kijana wa pikipiki wote hupata riziki. Abiria wakikosekana, wote hukaa. Mwaka 2010 lilifunguliwa Daraja la Umoja huko Mtambaswala, mbali juu ya mto, nayo malori yakapata njia nyingine. Kisha mwezi wa Oktoba mwaka 2017 vilianza vita vya Cabo Delgado. Oktoba 2020 washambuliaji walivuka mto wakafika Kitaya, upande wa Tanzania, na Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa. Mambo ya namna hii yanapotokea, biashara ya mpakani hunywea. Ushuru uliowekwa kwa siku, lakini, haujui kujaa wala kutoka kwa maji. Mwenye kuuza vikombe mia na mwenye kuuza vikombe vitano hudaiwa sawasawa.

Hapo ndipo lilipo shauri gumu la kila halmashauri ya wilaya. Madiwani hukaa mezani na haja mbili zinazovutana. Ya kwanza, wenye biashara ndogo wasikamuliwe mpaka wakafunga. Ya pili, halmashauri ipate fedha za kutengeneza soko, kuzoa taka na kuwalipa vibarua na watumishi wa mkataba. Wakipunguza ushuru, hawana wa kumlipa mfagiaji. Wakiuzidisha, hapatakuwa na soko la kufagiwa. Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli. Lakini yafaa kwanza kuuliza haba hiyo yatoka katika kibaba cha nani.

Tuangalie jinsi shauri hili lilivyokwenda katika nchi. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, ulipoletwa mpango wa Madaraka Mikoani, na mabaraza ya miji yakafuata. Miji ilichakaa, maradhi ya kipindupindu yakaenea, na mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa. Mwaka 1982 zilitungwa sheria mpya za serikali za mitaa, Nambari 7 ya wilaya, Nambari 8 ya miji na Nambari 9 ya fedha zake, na halmashauri zikaanza tena kazi mwaka 1984. Kwa kuwa hazikuwa na fedha za kutosha, zilibuni ushuru wa kila namna: wa baiskeli, wa kuku, wa mzigo unaopita njiani. Malalamiko yakawa mengi. Mwaka 2003 Serikali iliifuta kodi ya maendeleo pamoja na kodi nyingi ndogo ndogo zilizoitwa kero, na halmashauri zikapewa ruzuku ya kufidia.

Mwezi wa Desemba mwaka 2018 likaja jambo jingine. Rais John Magufuli alitoa vitambulisho kwa wafanyabiashara wadogo, wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka. Kila mmoja alilipa shilingi 20,000, na hakupasa kudaiwa ushuru wa kila siku. Fanyeni hesabu, mtaona unafuu wake. Tuseme mama muuza chai alikuwa akitozwa shilingi 200 kwa siku, naye hufanya kazi siku 300 katika mwaka: hizo ni shilingi 60,000. Kwa kitambulisho amebakiwa na shilingi 40,000. Lakini upande wa pili wa hesabu hiyo ni kwamba fedha za vitambulisho hazikuingia katika mfuko wa halmashauri, na ushuru wa siku nao ulikwisha kuondoka. Jambo lililokuwa faraja kwa muuza chai likawa pengo kwa mwenye kupanga bajeti. Sisi hatusemi kwamba faraja ile ilikuwa mbaya. Twasema kila ushuru unaofutwa yafaa uulizwe ulikuwa ukilipa kazi gani.

Sasa tuje kwa watumishi. Wengi hudhani diwani ndiye anayewaajiri watu wa halmashauri na kuwafukuza apendavyo. Sivyo. Mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa na Rais, naye ndiye katibu wa kikao cha madiwani. Mishahara mingi hutoka Hazina, na halmashauri haiwezi kujaza nafasi za kudumu bila kupata kibali kutoka Serikalini. Yule anayeshika mashine ya risiti kivukoni au sokoni, mara nyingi si mtumishi wa kudumu, bali ni wa mkataba au kibarua, na ujira wake hutoka katika ushuru uleule anaoukusanya. Mtu wa namna hiyo ana haraka ya kukusanya, na si rahisi awe na subira ya kueleza.

Tena yuko mtendaji wa kijiji. Huyu ndiye karani, mlinzi wa amani na mkusanyaji mapato, wote kwa pamoja. Tarehe 28 Aprili 2017 ilitolewa khabari ya ukaguzi wa vyeti: watumishi 9,932 wa umma walionekana kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Baadaye waliguswa pia watumishi wenye elimu ya darasa la saba, wakiwamo watendaji wa vijiji, si kwa kughushi bali kwa kukosa cheti cha kidato cha nne. Mwaka 2018 Serikali iliamuru walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warudishwe. Katika muda ule, mahali pengi mtumishi mwenye kazi yake nyingine alikaimishwa utendaji. Fikirini, ndugu zetu: mwalimu wa darasa au bwana shamba, akitoka kazini kwake, anaitwa aandike muhtasari wa kijiji na kukagua ushuru. Hapana shaka kazi moja katika hizo italala. Cheti cha uongo hakifai kutetewa, lakini nafasi iliyoachwa wazi nayo ina gharama yake, na mwenye kuilipa ni mwanakijiji anayezungushwa kwa barua moja wiki nzima.

Lipo jambo moja la korosho ambalo mkulima wa karafuu atalielewa upesi. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa yasema ushuru wa mazao hulipwa na mnunuzi. Mpaka mwaka 2017 halmashauri iliweza kutoza hata asilimia 5. Mwaka huo ukapunguzwa kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Kwa korosho ya shilingi 2,000 kwa kilo, ushuru ulishuka kutoka shilingi 100 mpaka 60. Kwa kilo mia tofauti ni shilingi 4,000. Lakini mnunuzi si mjinga. Akijua ana ushuru wa kulipa, huupunguza katika bei anayoitaja. Kwa hiyo mkulima asiseme, "Ushuru ni wa mnunuzi, mimi haunihusu." Unamhusu, ila umevaa kanzu ya mtu mwingine. Na sisi tunaouza karafuu zetu kwa Shirika la Biashara la Taifa twajua vyema kwamba kila gharama iliyo baina ya jamvi na bandari mwishowe hutafuta mlango wa mkulima.

Basi mtu wa Kilambo ana njia gani? Anazo, na zimeandikwa. Kijiji kina halmashauri yake yenye wajumbe 15 mpaka 25, na mkutano mkuu ambao kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake. Kijiji kikitaka kutunga sheria ndogo, hakina budi kwanza kuitisha mkutano huo na kusikiliza maoni, kisha sheria ipelekwe kwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Halmashauri ya wilaya nayo, ikitaka kutunga sheria yake, lazima kwanza itangaze kusudi lake ili watu walete maoni au pingamizi. Baada ya hapo sheria huenda kwa Waziri, na haina nguvu mpaka akubali nayo itangazwe katika Gazeti la Serikali. Kikao cha madiwani hukaa si chini ya mara moja kila miezi mitatu, na mlango wake uko wazi kwa raia na waandishi.

Tatizo ni kwamba tangazo hubandikwa ubaoni, na mwenye biashara yuko kivukoni anangoja maji yajae. Siku ya maoni inapita kimya. Miezi baadaye huja kijana na mashine yake, na hapo ndipo kelele huanza, kwa mtu asiyeweza kubadili hata senti moja. Wahenga wamekwisha kusema: asiyekuwapo na lake halipo.

Visiwani kwetu sheria ni nyingine. Serikali zetu za mitaa zafuata Sheria Nambari 7 ya mwaka 2014 ya Zanzibar, na tuna shehia badala ya vijiji. Lakini maana yake haikupotea baharini. Yatupasa kila tawi lichague mwanachama mmoja wa kuangalia mbao za matangazo za baraza la mji au halmashauri yake, na kuleta khabari kabla ya siku ya maoni kupita. Mwanachama akitozwa ushuru, aulize kwa upole ni kwa sheria ndogo ipi, apokee risiti na aiweke. Na bajeti inapojadiliwa, tusiulize ushuru peke yake. Tuulize pia ni nafasi ngapi za watumishi ziko wazi, na ni nani anayezikaimu.

Mkulima hangoji mvua inyeshe ndipo aanue karafuu zake jamvini. Hutazama mawingu mapema. Na mambo ya baraza ni vivyo hivyo.