Uyoga wa Gogo na Kipepeo: Nani Ndugu wa Nani?

Mvua zikianza Mishamo, mkoani Katavi, magogo yaliyolala pembezoni mwa mashamba huota vijiuyoga vyeupe vyenye umbo la pepeo, vingi havifiki hata sentimita 4 kwa upana. Juu vina manyoya. Geuza kimoja: matamvua ya chini yamepasuka kwa urefu wake. Jua likiwaka hujikunja na kufumba. Yakipata unyevu, hata baada ya miezi, hufunguka tena. Jina lake la kitaalamu ni Schizophyllum commune. Hapohapo juu ya maua hupita kipepeo wa rangi ya chungwa, ncha za mbawa nyeusi zenye madoa meupe. Huyo ni Danaus chrysippus.

Wengi watasema uyoga ni jamaa wa mti. La hasha. Ukoo wa mimea ulijitenga mapema. Kuvu, yaani kundi la uyoga, na wanyama waliendelea kuwa na babu mmoja hadi takriban miaka bilioni 1 iliyopita. Alama za undugu bado zipo. Ganda la kipepeo lina kitini, na kuta za seli za kuvu pia zina kitini, ilhali mti hujenga zake kwa selulosi. Wala kuvu hajitengenezei chakula kwa mwanga wa jua.

Wanapotofautiana ni kwenye kula. Kiwavi wa Danaus hutafuna mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, akaihifadhi sumu hiyo mwilini; ndege akimwonja hutapika, na hamrudii. Kiwavi humeza kwanza, kisha humeng'enya. Kuvu hutanguliza kumeng'enya: nyuzi zake hupenya ndani ya gogo, hutoa vimeng'enya, huyeyusha mbao nje ya mwili, ndipo hufyonza. Kile tunachokiita uyoga ni kiungo cha uzazi tu.

Na kwa uzazi, kipepeo hafui dafu. Ana jinsia mbili, na hata hizo zina matatizo: maeneo ya Nairobi, majike wengi wana bakteria wa Spiroplasma anayeua watoto wa kiume, wakabaki mabinti watupu. Kuvu huyu ana aina za kuoana zaidi ya 20,000. Sijui mshenga gani angeiweza kazi hiyo!

Makazi ya Mishamo yalifunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, na miombo ikafyekwa kupata mashamba. Unaposafisha shamba, usichome kila gogo. Acha machache yaoze, kwani kuvu ndiye anayeurudisha mti kwenye udongo.