Je, Wajua? Yoga Haihitaji Ukumbi

Yoga ni mazoezi ya viungo, pumzi na utulivu wa akili yaliyoanzia Bara Hindi. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliitangaza Juni 21 kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, nayo huadhimishwa pia mjini Juba, Sudan Kusini, na walinda amani wa India walio katika ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini humo (UNMISS).

Katika Malakia, mojawapo ya mitaa mikongwe ya Juba, anayeanza anaweza kufanya mazoezi nyumbani bila gharama kubwa. Mkeka usioteleza au blanketi lililokunjwa hutosha. Kitambaa kirefu hutumika kama mkanda wa kuvutia miguu, na kiti imara humfaa asiyeweza kuinama. Kwa kuwa joto la Juba ni kali, hasa Februari na Machi, alfajiri ndiyo wakati bora, tumbo likiwa tupu.

Mwanzoni dakika 10 hadi 15 zinatosha: kupumua polepole, kunyoosha mgongo, mikao ya kusimama, kisha kulala chali na kupumzika. Maumivu makali ni ishara ya kuacha. Wajawazito na wenye shinikizo la damu wamwone mhudumu wa afya kabla ya kuanza.