Je, Wajua? Baa Yenye Wenyewe Zaidi ya 100

Baa ya The Old Crown, katika kijiji cha Hesket Newmarket huko Cumbria, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, haina tajiri mmoja. Mwaka 2003 wanakijiji na marafiki zao, zaidi ya watu 100, walichanga fedha wakainunua, ikawa baa ya kwanza nchini humo kumilikiwa kiushirika. Mambo hayo hawakuyaanza siku hiyo: mwaka 1999 walikuwa wameshakinunua kiwanda kidogo cha bia kilichoko nyuma ya baa hiyohiyo. Baadhi ya bia zake zina majina ya milima ya jirani, kama Skiddaw.

Kwa nini wahangaike hivyo kwa sababu ya pombe? Ni kwamba baa ya kijiji ndiyo baraza lake. Asiyekunywa naye huenda kula, kusikia habari na kukutana na jirani.

Tangu sheria ya mwaka 2011, vikundi vya wakazi wa England vinaweza kuiomba halmashauri iorodheshe baa, duka au ukumbi kuwa mali yenye thamani kwa jamii. Kwa sheria hiyo, mwenye mali akitaka kuiuza, wakazi hupewa hadi miezi 6 ya kutafuta fedha. Lakini sheria hiyo haimlazimishi mwenye mali kuwauzia wao, na hapo ndipo inapochechemea.

Vibanda vyekundu vya simu visivyotumika tena ni rahisi zaidi kuvipata: kampuni ya simu ya BT huziuzia jamii kwa pauni 1 tu. Cha Westbury-sub-Mendip, Somerset, kimegeuzwa maktaba.