Kadi ya kliniki si hukumu ya mzazi

Katika kesi za talaka na malezi mjini Kakamega, kama kwingineko nchini, ipo shutuma iliyo nyepesi kuiandika na nzito kuifuta: kwamba mwenzi ni mgonjwa wa akili. Huingia kwenye hati ya kiapo kwa mstari mmoja, ikaambatanishwa na nakala ya kadi ya hospitali yenye tarehe za kurudi kliniki. Kadi hiyo, nashikilia, haitoshi kumwonyesha hakimu ni nani anayefaa kumlea mtoto. Tarehe zile zikiwa zimefuatwa, zinathibitisha kwamba mzazi anajitibu.

Sheria yenyewe haikurahisisha mambo. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 2014 kinakubali wazimu uwe sababu ya kuvunja ndoa ya kiserikali pale tu madaktari wawili, angalau mmoja wao mjuzi wa magonjwa ya akili, wanapothibitisha kuwa hautibiki au kwamba kupona hakutarajiwi. Mama aliyepatwa na sonona baada ya kujifungua yuko mbali na kipimo hicho. Kuhusu malezi, Kifungu cha 53 cha Katiba kinatanguliza maslahi ya mtoto, nao Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unakataza mtoto kutenganishwa na mzazi kwa sababu ya ulemavu pekee, ukiwemo utokanao na ugonjwa wa akili wa muda mrefu.

Kuna watakaouliza: je, mtoto akiumizwa tukingali tunachunguza? Hofu hiyo ina msingi, na palipo na vitisho au kipigo mahakama haina budi kuchukua hatua mara moja. Lakini hapo inaamua kwa matendo, si kwa jina la ugonjwa. Tena amri za malezi hurekebishwa hali ikibadilika. Mzazi aliyezidiwa leo anaweza kumwona mwanawe chini ya uangalizi, kisha amri ikapitiwa upya akipata nafuu. Wengine watashika mila ya Waluhya, kwamba mahari yakishatolewa mtoto ni wa ukoo wa baba, hivyo mama mgonjwa arudi kwao peke yake. Katiba imeshalijibu hilo: jukumu la kumlea mtoto ni la wazazi wote wawili kwa usawa.

Kinachohitajika ni ripoti ya afisa wa watoto aliyefika nyumbani, iwe Shinyalu au Khwisero: nani anampikia mtoto, anahudhuria shule vipi, iwapo mzazi anameza dawa zake, na ni shangazi au nyanya yupi anayeingilia kati hali ikiwa mbaya. Kazi hii inachukua muda, na maafisa ni wachache. Hata hivyo, njia ya mkato ina gharama kubwa zaidi. Wazazi wakijua kwamba kadi ya kliniki itageuzwa ushahidi dhidi yao, wataacha kwenda kliniki, na watoto wataishia mikononi mwa wagonjwa wasiotibiwa, yaani hatari ileile ambayo mahakama ilitaka kuwaepusha nayo.